Namba Chini ya Lami

Kwa miaka sita Kalisti aliipaka lami ndege ya majini iliyoachwa ufukweni Nkome, ili maji yasiile. Leo akaja mgeni kwa motaboti kutoka Mwanza, aliyetumwa kutafuta ndege za zamani zikahifadhiwe. Aliizunguka mara mbili, akasimama.

"Mzee, namba yake iko wapi?"

"Iko chini ya lami, bwana."

"Bila namba nitajuaje ni ndege ipi?" Mgeni akafunga daftari.

"Nisubiri kidogo tu!"

Kalisti akachomoa kisu, akaanza kukwangua. Lami ilimjaa kuchani mpaka vidole vikatoka damu. Adhuhuri herufi ya kwanza ya namba hiyo ikajitokeza, nyeupe pe! Akageuka amwite mgeni.

Motaboti ilikwishatokomea ziwani.

Akatema mate mchangani, kisha akaanza kukwangua herufi ya pili.