Ukuta wa Kutazamwa na Mgeni

Elinami alipaka rangi ukuta mmoja tu, ule ambao mgeni angeutazama. Kopo la pili hakununua. Pesa iliyobaki ilikuwa na kazi yake. Akakielekeza huko kiti chao kizuri pekee, kisha akasimama mbele ya rangi yake kumpokea mama mkwe, jasho likimtiririka.

Mama akaingia huku amejitanda khanga mpaka usoni. Loo, Elinami alikuwa amesahau: mama mkwe hakai akitazamana na mkwewe! Mama akakigeuza kiti, akampa mgongo, akaelekea ukuta wa saruji tupu.

"Mama, njoo ukae huku," Nakijwa, mkewe Elinami, akamsihi mama yake. "Huku kuna hewa."

"Hapa pananitosha, mwanangu."

Kwenye ukuta ule Elinami na Nakijwa walikuwa wamechora kwa chaki kila walichokiwekea akiba, pale pale kitakapokaa: kabati, meza na, pembeni, kitanda kidogo cha mtoto, habari ambayo hawakuwa wamempa mtu.

Mama akausogelea ukuta. Khanga ilimficha uso. Elinami aliona kidole chake tu, kikifuata mstari wa kile kitanda polepole, kwa uangalifu, kisije kikafuta chaki.