Bega la Kushoto

Mama wa bwana harusi aligeuka mbele ya kioo, na gauni lake la hariri likakunjamana begani.

"Diep, binti yangu, hebu njoo uone. Mbona limepinda?"

Hata leo alimwita Diep, fundi mwenzangu mdogo hapa dukani. Miaka ishirini nimemshonea mimi, lakini tangu tajiri wetu mwenye duka alete kompyuta, wateja wote wa mji wa Hue wamekuwa wa Diep. Anabonyeza jina, vipimo vinatokea, nao wanashangilia: "Jamani, huyu ananijua!" Anamjua nani? Vipimo hivyo nilimsomea mimi, kutoka kwenye daftari langu, ukurasa kwa ukurasa.

"Kuna kingine cha kuandika, dada?" aliniuliza Diep siku ile, tulipofika kwenye ukurasa wa mama huyu.

"Hakuna."

Kilikuwepo. Bega lake la kushoto liko chini, kwa upana wa kidole. Katika kila gauni nililomshonea nilificha pamba nyembamba ndani ya bitana ili kuliinua, wala sikumwambia mtu. Hili la leo lilikatwa kwa vipimo vya kompyuta, bila pamba.

Diep alipima upya, akatazama skrini, akatazama utepe. Uso ulimwiva.

"Gauni halina kosa, mama. Ni bega lako. Liko chini."

Mama yule aligusa bega lake polepole, kama anayegusa la mtu mwingine. Kisha akanitazama mimi, niliyekuwa nimepiga magoti kwenye pindo lake.

"Miaka yote hii, wewe ulikuwa unajua?"

Nilikuwa na pini nne mdomoni. Sikuzitoa.