Kidole cha Zambarau

Daktari alisema choa cha Khatibu kipakwe dawa ya zambarau asubuhi na jioni, bila kuruka siku. Nacho kilikuwa katikati ya mgongo, pasipofika mkono wake. Kwa hiyo zamu ya mke mdogo ilipofika, Bi Zuwena aliifungia chupa kabatini. Afadhali kimuwashe siku mbili kuliko yule Shemsa kuuchezea mgongo ule.

Siku ya tatu mume alirudi. Zuwena akamvua shati, akaganda. Choa kilikuwa kimeshapakwa, tena kwa utulivu, zambarau haikutoka nje ya duara hata nukta.

"Nani kakupaka?"

"Si dawa ile ile, mke wangu?"

Zuwena akaitupa pamba, akachovya kidole, akapaka juu ya kazi ya mwenziwe, akaendelea hadi mabegani, hadi kiunoni, kusikokuwa na ugonjwa wowote.

Kesho yake, kwenye arusi ya jirani, wanawake walikalishwa kwenye masinia ya pilau. Zuwena hakujali nani kaketi mbele yake, mpaka vidole viwili vya zambarau vilipogongana juu ya mnofu mmoja.

Shemsa hakuuachia. Zuwena naye akaushika vizuri zaidi.