Maji Mekundu Nyuma ya Maabara

Shufaa, jirani wa Apolonia, anayeuza uji kwenye geti la hospitali, anadai aliyaona kwa macho yake mawili: binti mgeni kachutama nyuma ya maabara, kafungulia koki, na damu inatiririka mtaroni kama maji ya mvua.

"Mumiani huyo," alisema. "Na mwanao yumo humo wodini, Mama Goodness. Wewe kaa tu na ugali wako."

Apolonia hakuuliza la pili. Siku ya tatu hii Goodness kavimba uso, na kila asubuhi Sedekia wa maabara humtuliza. Leo alimwambia, "Vumilia, Mama Goodness. Mashine ya kupima figo haitaki maji ya bomba. Fundi wa mtambo mpya wa kusafisha maji anatoka Mbeya. Akiuwasha tu, wa kwanza ni mwanao." Kisha akashuka barabara kuu kulisubiri gari la fundi.

Apolonia alichomoa ukuni chini ya sufuria, bado unafuka, akakimbia.

Watu walikuwa wameshajaa. Binti, buti za mpira miguuni, alinyoosha mkono mmoja kujikinga. Wa pili haukubanduka kwenye koki.

"Subirini, mama zangu. Hii lazima imwagike yote."

"Mnamsikia?" Shufaa alisema.

Ukuni wa Apolonia ulimpata binti kinywani. Jino likaruka. Akapiga tena, mkono ule wa koki, akausikia mfupa ukikatika kama bua kavu. Mawe yakafuata. Walimburuta kwa nywele mpaka kwenye mahindi nje ya uzio, na huko hakujikinga tena. Simu yake ilidondoka njiani. Apolonia akaifutika kiunoni, ushahidi wa polisi.

Watu wakatawanyika. Apolonia alikuwa ananawa mikono Sedekia aliporudi, jasho likimtoka, akapitiliza nyuma ya maabara. Akatokea anacheka.

"Kumbe mwenzetu kapanda bodaboda, kanipita njiani. Begi la spana liko pale, tanki la zamani kashalimwaga, kutu yote imetoka. Bado kufunga tu. Umemwona kaelekea wapi, Mama Goodness?"

Apolonia alitazama mahindi.

"Ngoja nimpigie." Sedekia akaweka simu sikioni. "Pokea, fundi. Pokea basi, mtoto wa watu anasubiri."

Kiunoni mwa Apolonia, kanga ilianza kutetemeka.