Wagonjwa Arobaini na Mmoja

Golikipa Ashiru alipatwa na vidonda vya tumbo Jumatano saa sita na nusu mchana, dakika mbili baada ya harufu ya wali kutoka jikoni. Alijishika tumbo, akagumia kwa staha, akachukua sahani yake na kuhamia meza ya wagonjwa.

Alikuwa wa arobaini na moja.

Katika sekondari ile ya bweni, jirani na Kitangari, chakula kilikuwa ugali na maharage, Jumatatu hadi Jumapili. Waliopikiwa wali na samaki ni wagonjwa wa tumbo tu. Julai mgonjwa alikuwa mmoja, Julia wa kidato cha pili, aliyekuja na cheti cha hospitali. Agosti wakawa tisa. Septemba, karibu bweni zima la wavulana liliugua kati ya Jumamosi na Jumapili.

Sufuria ya wali haikuongezeka. Julia, ambaye tumbo lake lilikuwa linaungua kweli, sasa aliambulia vijiko vitatu, na njaa ikimzidi alimalizia kwa maharage. Jumatatu alianguka mstarini katikati ya wimbo wa taifa.

Mkuu wa shule, Mwalimu Silvano, alikwishaandika wilayani barua tatu za kuomba mtaalamu wa lishe. Kwa hiyo Alhamisi, mama mmoja mwenye koti jeupe aliposhuka kwenye bodaboda getini, alimpokea kwa mikono miwili. Hakuuliza jina. Koti lilitosha.

“Karibu sana, mtaalamu! Tumekungoja tangu Julai.”

Mama yule akamtazama kidogo. “Nimekuja kwa habari ya wali wa wagonjwa,” akasema.

“Ndiyo hiyo hiyo!”

Mfuko wa koti ulikuwa na madoa meusi. Mwalimu akakisia ni dawa, akazidi kumheshimu.

Wagonjwa wakapangwa foleni nje ya bwalo. Mtaalamu hakuwa na kifaa chochote. Alimshika Ashiru mabega, akamtikisa mara mbili, akatega sikio, kisha akamnusa.

“Kilo sitini na mbili,” akasema.

Matroni Dominika akampandisha Ashiru kwenye mizani. Sitini na mbili kamili.

“Amejaa vizuri. Hakuna kilichooza. Kaa kushoto.”

“Mama, mimi naumwa!”

“Nimesema kushoto.”

Akaenda hivyo na foleni yote, bila kupumzika, tikisa, nusa, kushoto, kama mtu aliyeifanya kazi hiyo miaka mingi kuanzia asubuhi hadi jioni. Wa mwisho alikuwa Julia.

“Shikamoo,” alisema Julia, macho chini.

“Marahaba.”

Huyu hakutikiswa. Mtaalamu alimweka sawa kola ya shati, akatoa mfukoni karatasi ya hospitali iliyokunjwa mpaka ikachoka, akamsomea Mzee Gasper, mpishi: wali laini, samaki wa kuchemsha, ndizi mbivu, kidogo kidogo mara tano kwa siku. Asikae na njaa. Pilipili na soda aache. Dozi yake ya vidonge aimalize.

“Na hawa arobaini?” aliuliza Mwalimu Silvano.

“Hawa hali yao ni mbaya. Wali utawamaliza.” Aliikunja karatasi. “Wapewe uji wa muhogo, mara sita kwa siku. Wa kwanza saa kumi alfajiri.”

“Na sukari, mama?” aliuliza Ashiru.

“Bila sukari. Bila chumvi pia. Baada ya kila kikombe mtu akae wima nusu saa, asiongee. Mpira basi. Hivyo kwa miezi mitatu, halafu tutaona.”

Ashiru akanyoosha mkono.

“Mama, mimi naona kidonda kama kimepona.”

“Kimepona lini?”

“Sasa hivi. Uliposema bila sukari.”

“Na mimi!” akadakia mwenzake Jumanne. “Nimekisikia kabisa kikifunga.”

Mzee Gasper aliwaandika waliopona kwenye mfuko mtupu wa unga, maana daftari la wagonjwa lilikuwa limejaa. Kufikia saa kumi jioni walikuwa arobaini. Wote walikula ugali na maharage kwa hamu ya watu waliorudi kutoka kaburini. Julia alikaa peke yake kwenye meza ya wagonjwa, mbele ya sahani iliyojaa, akila polepole.

Mwalimu Silvano alitokwa na machozi. Miaka ishirini na sita ya ualimu, na alikuwa hajawahi kuona tiba ya namna ile. Alimsindikiza mgeni hadi getini, akimbebea kofia ya pikipiki.

“Mtaalamu, utarudi lini? Nataka uwape walimu semina.”

“Si sasa, mwalimu. Msimu umeanza, nina foleni.”

“Ya wagonjwa?”

“Ya watu,” akajibu, akapanda bodaboda.

Jumamosi Mwalimu Silvano alipakia magunia yake manne ya korosho kwenye toroli, akayapeleka ghalani kwa chama cha msingi cha ushirika. Zilikuwa na unyevunyevu kidogo, naye alijua, kwa hiyo alikaa kwenye foleni akiomba kimoyomoyo. Huko mbele mkaguzi alikuwa akichota korosho kwa kiganja, anazitikisa karibu na sikio, anazinusa, anatamka daraja.

“Mama Julia,” karani alimwita mkaguzi, “anayefuata ni mwalimu.”

Koti jeupe lenye madoa meusi ya korosho likageuka. Mwalimu Silvano akamtambua mtaalamu wake wa lishe. Mkaguzi alitia mkono guniani, akazitikisa korosho sikioni muda mrefu, akikunja uso.

“Binti yangu anapata wali?”

“Sahani nzima, mtaalamu.”

“Na samaki?”

“Wa kuchemsha. Bila pilipili.”

“Daraja la kwanza,” akasema, akapiga chaki kwenye gunia.