Sauti au Kumeza

Tarehe tisa Machi, mwaka 2071, roboti ilimpasua mume wangu, Kibwana, kuondoa uvimbe wa kooni. Siku hizi daktari haruhusiwi kuamua. Mgonjwa akiwa usingizini, roboti humwuliza jamaa yake.

"Mama, tumbakizie sauti au kumeza?"

Nilichagua sauti, kwa kuwa nyumba yetu iliishi kwa utani wake.

Sasa hulishwa kwa mpira uliopitishwa tumboni. Jana jirani alipobisha hodi, Kibwana aliita, "Karibu, mama mkwe wako anakupenda, umetukuta tunakula."

Jirani akacheka, akanawa, akala. Kibwana alilitazama kila tonge.

Baadaye akaniuliza kwa upole, "Mama Mwanaidi, mimi mwenyewe ningechagua nini?"

Niliondoa sahani.

Ndugu msomaji, muulize wako angali macho, kisha umwambie na jirani amuulize wake.