Tiara ya Mita Kumi na Mbili

Badru aliingia dukani kwa Mwatumu asimtambue, na hilo lilimchoma Mwatumu kuliko mguu wake uliopinda. Miaka mitatu nyuma, Badru ndiye aliyemshikia ufukweni tiara kubwa ya kumvuta mtu majini, akaiachia kabla Mwatumu hajainua kidole gumba, ishara kwamba yuko tayari, ili wenzake wapate kucheka. Upepo ulimbwaga mawe­ni.

"Dada, nataka tiara moja tu ya kunivuta majini, upepo wowote."

Alikuwa mwembamba kama fito. Ya mita tisa za mraba ingemtosha mwaka mzima. Mkono wa Mwatumu ukaipita, ukachukua ya kumi na mbili, ya watu wazito na upepo mdogo.

"Hii haichagui upepo."

Nje mchanga ulikuwa ukiruka. Badru akajifunga mkanda kiunoni, akamwomba amshikie, akarudi nyuma mpaka kamba zikakazika. Tiara ikatetemeka mikononi mwa Mwatumu kama mbuzi anayetaka kuchomoka.

Badru akainua kidole gumba.

"Niite jina langu kwanza!" Mwatumu alipaza sauti.

Badru akaacha kutabasamu. Akautazama ule mguu, kisha ile tiara. Kidole gumba kilikuwa bado juu.